Mota ya Marehemu

Aliyenisimulia haya ni Hansa, mwaka jana, tukichambua ufuta wa kashata za sikukuu ya tiara, hapa kwetu Surat.

Damu ilikuwa imeshalowanisha uzi wa tiara, na Ramnik, mumewe, hakuacha kuvuta. Unga wa vioo uliopakwa kwenye uzi ulimchana vidole viwili, naye anacheka. Ng'ambo ya kiukuta kilichogawa paa alisimama Kokila, mjane wa kaka yake. Walishapatana: tiara ya Kokila ikikatwa, yeye na binti yake wanahama chumba cha juu kabla jua halijazama. Ya Ramnik ikikatwa, asikitaje tena chumba hicho.

Mama yao Ramnik, Bi Jivi, alikataa kushika upande. Alisema magoti yanamuuma, akajilaza nyuma ya tangi la maji upande wa Kokila, shali mpaka kichwani.

Kokila hakugusa uzi. Alikuwa na kisanduku alichokiunda marehemu: mota ndani, swichi ya kuzungusha juu. Ukiizungusha huku, uzi unalegea. Ukiizungusha kule, unakaza. Uzi ulitoka humo, ukapita nyuma ya tangi, ndipo ukapaa.

"Shemeji, funga mizigo," Ramnik alimwambia. "Hiyo mota inakoroma kuliko marehemu mwenyewe."

"Tazama juu, shemeji."

Alipotazama, tiara yake ilikuwa imebanwa. Akilegeza, ile inalegea; akivuta, inamvuta. Mapaa ya jirani yakazomea. Hansa, aliyemshikia kigurudumu cha uzi, akamsihi aache. Ramnik alimzaba kofi, akaokota kipande cha nondo, akakivurumisha.

Nondo ilipasua kisanduku, ikaruka, ikampata Kokila kwenye paji la uso. Mota ikalia kama mbwa aliyekanyagwa, ikanyamaza. Kokila akawa chini, mikono yote miwili usoni, damu ikichuruzika katikati ya vidole.

Na uzi wake ukakaza. Ukavutwa mara moja, kwa nguvu, na tiara ya Ramnik ikakatika, ikaenda na upepo.

Jioni, Kokila ameshashonwa na kurudi chumbani kwake, Ramnik alikwenda kwa mama yake, Hansa nyuma yake. Akainama, akamgusa miguu kama kawaida. Bi Jivi akamwekea mkono kichwani, akambariki.

Mkono ulimwachia unyevu kwenye nywele. Ramnik akaushika mkono huo, akaugeuza: vidole viwili vimechanwa mpaka nyama, sawasawa na vyake.

Bi Jivi akauchomoa taratibu, akaurudisha chini ya shali, akageukia ukutani, akalala.