Mgeni Asiye na Pembe

Mgeni hakupiga hodi. Alisukuma ua, akaingia uani kwa Bi Sikudhani, dobi, akatumbukiza mkonga kwenye pipa la maji.

"We tembo, huna haya?" Bi Sikudhani alifoka. "Mto wote ule!"

"Mto umekauka, shoga," jirani yake, Mwanakheri, alicheka kutoka dirishani. "Wenzake huchimba mchanga kwa pembe wakapata maji. Huyu hana."

"Kazipeleka wapi?"

"Kazaliwa hivyo. Majangili waliwamaliza wenye pembe, wakabaki akina bibi yake wasio nazo, wakazaa. Waliepuka risasi, sasa wanateswa na kiu."

Bi Sikudhani alisonya. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yametandazwa kwenye nyasi, ua mzima.

"Sikia wewe! Ukitoka bila kukanyaga hata shuka moja, kesho nakuwekea maji nje. Ukikanyaga, tutakosana!"

Tembo alitoka taratibu, akiinua miguu kama mtu anayepita katikati ya watoto waliolala. Hakuna shuka lililochafuka.

"Haya, umeshamwahidi," Mwanakheri alisema.

Kesho yake bomba halikutoa maji. Lilibaki pipa moja tu la kufulia mashuka mengine, na mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameapa kutafuta dobi mwingine mashuka yakichelewa.

"Balaa gani hili!" Bi Sikudhani alinung'unika. Kisha, ndoo baada ya ndoo, akayahamishia maji kwenye beseni kubwa nje ya ua. Alipomaliza alisimama na ndoo tupu mkononi, akitazama vumbi lililokuwa likinyanyuka upande wa mto.