Abiria wa Dzoro

Badawi aliikaza springi mpaka spana ikalia, akapumua, kisha akaikaza tena. Mwenye pikipiki alikuwa ameomba kinyume chake.

"Nataka iwe laini, fundi," Dzoro alimwambia asubuhi ile, akishuka kwenye pikipiki yake ya porini iliyoganda matope mpaka taa. Kazi ya Dzoro ilikuwa kuchanja ng'ombe vijijini Kinango, na tangu mvua za El Niño zilipoondoka na madaraja, mabasi yalikuwa yamesalimu amri. Yeye na pikipiki yake bado walipita. Alikuja na shokomzoba mpya ya nyuma, ameifunga kwa gazeti kama samaki. "Nifungie hii, na mbele nibadilishie mafuta ya foki. Ijumaa nina abiria."

"Abiria gani huyo, hata abadilishiwe shokomzoba?"

"Mtu mzima, mwenye heshima zake. Anakwenda kupeleka posa kwetu." Dzoro akacheka. "Zaidi ya hapo usiniulize, nimeapishwa."

Badawi aliuliza uzito wa abiria, maana springi haipimwi kwa macho, hupimwa kwa makalio yatakayoikalia. Lakini jibu hakulisikia. Posa. Kinango. Ijumaa.

Mejumaa, yule binti fundi cherahani wa Tononoka, kwao ni Kinango. Kwa miezi Badawi alikuwa akimpelekea suruali zifupishwe, mpaka sasa hakubakiwa na hata moja ya kumfunika vifundo vya miguu. Jumapili alijikaza kisabuni akamwambia lililokuwa moyoni. Mejumaa hakuinua macho kwenye sindano.

"Mimi sina neno, Badawi. Lakini wazee wangu wakutana Ijumaa, na kuna mwengine keshasema ataleta mtu wa kumposea. Nawe lete wako. Asiye na mtu pale, ndiyo basi."

Mtu! Baba yake Badawi alikuwa ametangulia mbele ya haki, ami yake yuko Maskati, amebaki mama. Na mama mwenyewe, Bi Mwanakhamis, aliposikia, aliendelea kukunja msala wake wa kuswalia.

"Kinango? Kwa barabara ile? Tafuta wa papa hapa Kibokoni, mwanangu, nimwendee kwa miguu."

Badawi alibembeleza mpaka akachoka.

Na sasa huyu Dzoro. Jumatatu Badawi alikuwa amemwona kwa macho yake, amekaa kwenye benchi la Mejumaa, wanacheka mpaka cherahani imesimama. Kumbe mwengine ndiye huyu! Na njia ya mshenga wake ilainishwe na nani? Na Badawi, hapa Mji wa Kale, kwa mikono yake mwenyewe. Wivu ulimkaba vibaya.

Asubuhi hiyohiyo Bi Mwanakhamis alikuwa ameteremka kutoka nyumbani, juu ya karakana, na chai na mahamri ya mgeni.

"Shikamoo, mama," Dzoro alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko kwenu? Njia yapitika?"

"Ukiwa na springi nzuri, yapitika."

"Basi umefika. Kwa ufundi, Badawi hana mpinzani," alisema mama, akapanda zake juu. Badawi alitafuna hamri lake.

Ndiyo maana alikaza. Aliifunga shokomzoba mpya vizuri, kisha akaizungusha ringi ya kukazia mpaka springi ikabanana na kuwa laini kama jiwe. Mbele akatia mafuta mazito, foki zikagoma kushuka. Hakulegeza nati hata moja wala hakugusa breki. Hakutaka mtu avunjike shingo, alitaka avunjike moyo tu. Hata hivyo aliona haya. Hakuwahi kuiharibu kazi makusudi. Akaisugua pikipiki mpaka ikang'aa, apate kujituliza.

Jioni Dzoro aliijaribu uchochoroni, akarudi amekunja uso.

"Fundi, mbona ngumu?"

"Uko peke yako," Badawi alijibu bila kupepesa. "Imepimwa watu wawili. Akikaa abiria wako, yenyewe italegea."

Dzoro alimshukuru sana, akamwombea kheri na maisha marefu. Hapo Badawi alitamani ardhi immeze.

Ijumaa hakushika spana. Aliswali, akarudi, akakaa kwenye baraza ya karakana. Juu nyumbani mama alikuwa ametoka na jiko limepoa, lakini njaa hakuiona. Kichwani alimfuata mshenga shimo kwa shimo: Likoni, Kombani, Kwale, kisha kule kwenye makorongo. Mara amwonee huruma, mara acheke peke yake, mpaka wapita njia wakaanza kumtazama.

Alasiri haijaadhiniwa, Dzoro akachomoza konani kwa miguu, ametapakaa matope mpaka kwenye nyusi.

"Mmerudi mapema," Badawi alisema.

"Hatukufika, fundi. Tumepita Kwale kidogo tu, abiria akanipiga mgongoni, akasema geuza, hata kama anayeposwa ni binti wa sultani."

Badawi alitaka kuruka kwa furaha. Alijizuia, akavaa uso wa matangani.

"Pole sana, ndugu yangu. Kwa hivyo posa yako ndiyo imepotea?"

"Yangu?" Dzoro alimkodolea macho. "Mimi nina mke na watoto wanne. Pikipiki iko pale konani, na abiria hawezi hata kuinua mguu. Njoo tusaidiane kumshusha mama yako."