Leo Hajakohoa

Esteria alifunga mlango kwa kufuli kubwa la dukani, akalivuta kuhakikisha, lakini dirisha la chumbani akaliacha wazi. Julai ya Lushoto, ukungu umelala mpaka kwenye vizingiti, na yeye anaacha dirisha wazi.

"Mama Mmalawi, utamuua mzee kwa baridi," alisema Mwanaheri, jirani yake, akichambua maharage uani. "Ameamkaje?"

"Leo hajakohoa."

"Alhamdulillahi. Dawa imeshika."

Esteria akajitanda kitenge, akashuka kwenda ofisi ya kodi. Mkoba aliubana kwapani utadhani una mayai.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Sefania, mumewe, alimtoa Malawi wangali vijana. Mtoto hawakupata, ila walipata kibanda cha mbegu na miche ya parachichi pale sokoni, na kila kitu kikaandikwa jina la Sefania. Kifua kilipomlaza, mdogo wake Hezekia alikuja kumjulia hali akiwa na futi ya kupimia kibanda. Akamwambia shemeji yake bila kupepesa macho, "Kaka akifumba macho, wewe unashuka Mombo, unatafuta basi la kwenu. Kibanda ni cha ukoo."

Mwenye eneo, Mzee Ismaili, hakutaka maneno mengi. Lete TIN yako, namba ya mlipakodi, alimwambia Esteria, mkataba wa pango nakuandikia wewe.

Ofisini benchi lilikuwa moja, baridi ya kutosha kila mtu. Zamu yake ilipofika, Edgar, kijana wa mezani, alimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Edgar akapekua pasipoti, kisha akakigeuzageuza kibali cha ukaazi. "Mama, kwa kibali hiki uko nchini kwa mgongo wa mzee. Mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani. Amelala."

"Mpaka saa hizi? Mzee anafaidi. Ngoja nimsalimie, anithibitishie."

Akabonyeza namba ya mzee iliyokuwa kwenye fomu ya maombi. Simu ikalia ndani ya mkoba wa Esteria.

Benchi zima likacheka. Esteria alitazama mkoba wake kama vile ni wa mtu mwingine.

"Nimeichukua isimsumbue," alisema.

"Mnatuonea wanaume," Edgar akasema, naye akicheka, akaiacha simu. "Haya, vidole."

Mashine ikagoma. Akaviweka tena, ikagoma tena.

"Vidole barafu hivi, mama, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilimfuta mwili mume wangu kabla ya kuja."

"Kwa maji baridi? Mgonjwa?"

"Kuni mbichi, mwanangu. Zimekataa kuwaka."

Edgar akatikisa kichwa, akamwambia avipulizie. Esteria akavipulizia, na safari hii mashine ikakubali. Karatasi ilipotoka aliisoma akiwa amesimama palepale. Jina lilikuwa lake peke yake.

"Mpe pole mzee," Edgar alisema. "Mwambie sasa ana mke mlipakodi, ajiheshimu."

"Nitamwambia."

Hakupitia popote, alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Ismaili. Mzee aliisoma TIN, akatia sahihi, na Esteria akatia yake. Mkataba aliusokomeza kifuani, chini ya kitenge.

Njiani alikutana uso kwa uso na Hezekia.

"Shemeji, unazurura mjini, mgonjwa umemwachia nani? Nataka nije kumwona kaka."

"Njoo jioni," Esteria alimjibu. "Njoo na ndugu wote."

Tangu aanze kumfukuza mwanamke yule, Hezekia hakuwahi kukaribishwa vizuri namna ile.

Nyumbani kufuli lilikuwa vilevile. Esteria aliingia chumbani, akafunga dirisha, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nimeipata, Sefania," alisema. "Kijana amesema ujiheshimu."

Akamnyooshea kola ya shati. Kisha akalivuta shuka taratibu, akamfunika uso, akatoka uani, akaweka mikono kichwani na kupiga yowe alilokuwa amelimeza tangu alfajiri.