Njahi za Mwaka wa Arobaini na Tisa

Mama alikuwa jikoni akisukuma chapati, moja tayari iko motoni, nilipomletea daftari la duka la babake, guka wetu wa Kajiado. Nilikuwa nimelisoma wiki nzima nikitafuta historia ya familia.

"Mum, angalia hapa. Arobaini na tisa. Guka alipeleka njahi nyumbani mara mbili tu."

Njahi, yale maharagwe meusi, kwetu hupikiwa mwanamke akijifungua. Mwaka huo wake wawili wa guka walijifungua, kila mmoja binti wake wa kwanza, na mabinti wote wawili wakapewa jina la mamake guka: Nyokabi. Tarehe hakuna aliyeiweka. Wa mke wa kwanza akaitwa Nyokabi Mkubwa. Mamangu, wa mke wa pili, akaitwa Mdogo, na tangu hapo Mdogo ndiye hutumwa.

Mama akapitisha kidole chenye unga chini ya wino uliofifia. Machi, njahi ratili nne, mke wa pili. Juni, njahi ratili nne, mke wa kwanza.

"Machi," akasema polepole.

Akavua aproni, akanawa mikono, akaenda sebuleni. Dadake, aliyefika kutoka Kitengela asubuhi, alikuwa ameinua miguu kwenye stuli akingoja chakula. Mama akaketi kando yake, akavua viatu.

"Nyokabi Mdogo," akamwambia kwa upole, "hebu enda ugeuze chapati."