Cheti cha Fundi

Skrubu ya nne ilipotoka, Fundi aliweka bisibisi chini. Aliitazama kompyuta iliyolala kifudifudi mbele yake, kisha akaitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimekwisha. Goti lake la kulia lilikuwa likicheza tangu alipoketi, na meza nayo ikicheza.

"Jirani, utatumwagia skrubu," alinong'ona mtahiniwa wa pembeni, mwanamke mwenye duka la kompyuta karibu na stendi.

"Samahani, dada."

Ulikuwa mtihani wa vitendo, wa mwisho kabisa. Mafunzo yalichukua wiki tatu, na yalikuwa ya mafundi wazoefu peke yao, watu waliokwisha kufungua mashine nyingi kuliko walimu wao ila hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Fundi hakuja kwa kupenda. Hospitali, mteja wake mkubwa, ilimwandikia barua ya mistari miwili: kuanzia mwezi ujao, asiye na cheti asiguse mashine zetu.

Darasani alikuwa moto. Mwalimu akiuliza kompyuta ikilia mara tatu na kioo kikabaki cheusi maana yake nini, Fundi alijibu kabla swali halijatua. Wenzake wakaanza kumwita Profesa. Walipofanya kazi wawili wawili, yeye alishika tochi na kutoa maelekezo, mwenzake akachokonoa. Hakuna aliyeona ubaya. Mtu aliyekaa kwenye kazi miaka kumi na tisa ana haki ya kutochafua mikono.

Ila hakutulia. Mara atoke akanywe maji, mara arudi, mara asimame dirishani. Na saa ya chakula, wenzake wakielekea kantini, yeye huyo mbio, mkoba begani, nyumbani.

"Mama ananisubiri," alisema, na wote wakamsifu kwa kuwa mtoto mwema.

Mama alikuwa mstaafu wa shirika la simu, mwanamke mkavu, mwenye miwani minene, asiyependa maneno mengi. Alimtaka asimulie somo lote tangu mwanzo. Fundi alisimulia huku akizunguka chumba, na mama alisikiliza, mara nyingine akisonya.

"Huyo mwalimu wenu anawapotosha. Soma tena hapo."

"Mama, ndivyo kitabu kinavyosema."

"Basi na kitabu kiende shule."

Jioni alimshikia daftari na kumuuliza maswali, na akikosea alimrudisha mwanzo. Hakumwonea huruma hata siku moja.

Jina lenyewe la Fundi alipewa na wateja. Siku ya kwanza walimkuta mlangoni na mashine mkononi, wakamwita hivyo, naye hakukataa. Mashine za watu alizipeleka nyumbani, kwenye utulivu, na kuzirudisha zikiwa nzima. Mtaani hapakuwa na mtu wa kusema kwamba yake ilirudi ikiwa bado mbovu.

Sasa msimamizi wa mtihani alikuja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Kwenye maandishi umewaacha wote mbali," alisema kwa sauti ya chini. "Mbona huanzi? Woga?"

"Si woga, mwalimu."

Kila kidude kilichokuwa mbele yake alikijua kwa jina. Lakini mkono ulikataa kushuka. Kwa jirani yake moshi mwembamba wa kulehemu ulikuwa umeshaanza kupanda.

Msimamizi alipogeuka, jirani akainamisha kichwa. "Chaji haifiki," alinong'ona. "Anza pale kona ya kushoto. Nitakuelekeza."

Fundi akaitazama ile kona. Kwa muda mfupi hata goti lilitulia. Kisha akatikisa kichwa, akamwambia asante, akainuka.

"Naomba nitoke."

"Ukitoka jina lako linafutwa," msimamizi alisema.

"Lifute tu."

Alishuka ngazi mbilimbili hadi ofisini. Karani alikuwa akipanga mafaili.

"Kikao cha mchana kina nafasi?"

"Ipo moja, ya watahiniwa wa nje. Saa nane. Lakini ni fomu mpya, na barua ya uzoefu yenye muhuri wa karakana."

"Muhuri ninao."

Aliijaza fomu akiwa amesimama, kwa haraka iliyofanya kalamu itoboe karatasi, akaandika na barua. Kisha akatoka mbio.

Nyumbani hakukaa. "Mama, vaa viatu."

"Umefeli?"

"Nimetoka."

Mama alimtazama juu ya miwani. "Mimi siendi kumpigia mtu magoti kwa ajili ya mwanamume mzima mwenye ndevu."

"Hupigi magoti. Vaa viatu, Mama. Nakuomba."

Kulikuwa na kitu katika sauti yake ambacho mama hakukizoea. Akavaa viatu.

Ngazi za chuo zilikuwa nyingi. Mara mbili alimshika mama kiwiko, na mara mbili mama aliuchomoa mkono wake. Mara ya tatu mama akamwacha amshike. Njia nzima Fundi alikuwa akifuta viganja kwenye suruali.

Mlangoni karani alikagua orodha, akamtazama Fundi, akamtazama yule mama, akatabasamu kwa adabu.

"Bibi apumzike hapo kwenye benchi, tafadhali. Ndani wanaingia watahiniwa tu."

"Ndiye mtahiniwa," alisema Fundi. "Mimi miaka yote hii nambebea mashine tu."