Pankeki Bila Tone la Maziwa

Kwa mara ya tatu asubuhi hiyo Esnah alilisukuma jagi la maziwa nyuma ya debe la unga, na kwa mara ya tatu mkono wenye bangili ukalirudisha pale pale, mbele ya bakuli lake.

"Umesahau hii," alisema Bot Kipngeno. Ndivyo majirani walivyomwita mamake Kipngeno, kijana aliyetaka kumwoa Esnah.

"Sijasahau, Mama. Hizi pankeki zangu hazitumiangi maziwa."

"Kwa boma iko na ng'ombe kumi na moja."

Esnah aliponda ndizi mbivu, akavunja mayai mawili, akatia unga wa ngano na maji vuguvugu, akakoroga. Kwenye jiko la pili shira ilikuwa inatokota: matunda damu yaliyomenywa, sukari guru iliyokwanguliwa, kipande cha tangawizi. Kule Kabianga wanafunzi wa chuo walipanga foleni kwenye kibanda chake kwa ajili ya shira hiyo. Hapa Kimulot ilikuwa na kazi moja tu, kumwokoa asinyweshwe mursik.

Maana Kipngeno, kijana aliyewashinda wenzake wote wa Konoin kwa mbio, alikosa pumzi ya kumwambia mamake sentensi moja: kwamba tumbo la Esnah na maziwa havipatani. Haikuwa maringo. Kijiko kimoja, dakika kumi, halafu mbio. Na choo cha nyumba hii kilikuwa chini kabisa, kando ya majani chai, mahali ambapo kila aliyeketi sebuleni angeona ni nani anayekwenda na kwa kasi gani.

"Wewe washibishe tu," Kipngeno alikuwa amemshauri. "Wakishiba watasahau."

Mursik ni maziwa yaliyochachishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Mgeni wa kawaida huonja, mchumba humaliza. Mzee Alexander, baba mkubwa wa Kipngeno, ndiye aliyekuja kutoa neno la ukoo siku hiyo, na ilijulikana kwamba hasemi ndiyo mpaka amwone msichana akirudisha kikombe kitupu. Mchumba wa kwanza wa Kipngeno, mwalimu mzima, alikataa. Alirudishwa kwao kabla ya chakula cha mchana.

Esnah alimpenda Kipngeno, mwoga jinsi alivyo, na aliogopa sana kumkosa.

Mezani, Bot Kipngeno aliigeuza pankeki ya kwanza kwa uma kama polisi anayekagua mzigo.

"Hakuna maziwa hata tone?"

"Hakuna, Mama."

"Siagi?"

"Ni mafuta tu, Mama."

"Na hii nyekundu?"

"Ni matunda na sukari guru."

Alikula bila kutabasamu. Akala ya pili, ya tatu, ya nne, kisha akapangusa shira yote kwenye sahani kwa ile ya tano. Esnah alianza kupumua.

Mzee Alexander alijifuta mdomo. "Haya, chakula ya watoto imeisha. Sasa leta mursik tuone kama huyu Mkisii ni mtu yetu."

Kipngeno akaanza kusoma kalenda ya ukutani kwa makini, ingawa ilikuwa ya mwaka juzi.

"Baba, mimi na maziwa..." Esnah alijaribu.

"Mtu hataki maziwa ako na kitu anaficha," mzee alimkata. "Angalia mama ya Kipngeno. Huyu anamaliza kibuyu mzima peke yake. Hata mimi, ndugu ya bwanake, hajawahi nionjesha."

Bot Kipngeno alikuwa ameshasimama. Alikipita kibuyu kikubwa cha wageni, akaingia chumbani kwake na kutoka na kibuyu chake mwenyewe, kile cha shanga, ambacho hata binti zake hawakuruhusiwa kukiosha.

"Huyu hatakunywa hiyo ya wageni," alisema. "Atakunywa yangu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo imelala wiki tatu. Msichana, leo utajua hujui."

Esnah alimkazia macho mama huyo, na hasira zikampanda. Pankeki tano amekula, tena na shira yote, na haya ndiyo malipo. Kikombe kilijazwa hadi ukingoni, kitu cheupe chenye madoa ya mkaa. Alipima kwa macho njia ya kwenda chooni, akavua viatu chini ya meza ili asije akateleza, akafumba macho na kunywa.

Ilichacha ipasavyo. Ilinukia moshi ipasavyo. Lakini Esnah alilelewa na nyanya yake huko Kisii, na kitu kilichokuwa kikiteremka kooni mwake alikijua tangu hajaota meno. Ulikuwa uji wa mahindi.

Alifumbua macho. Bot Kipngeno alikuwa amemwinamia, akimfuta kidevu kwa ncha ya leso.

"Kunja uso kidogo, mwanangu," alinong'ona. "Miaka thelathini na nne, wewe ndio wa kwanza kuonja."