Neno Alilompa Adélard

Lettie aliweka simu chini, akabaki amesimama akiutazama ukuta.

"Nani asubuhi yote hii?" Orrin aliuliza, mkate mdomoni.

"Dada. Theluji imemzuia, haji tena." Akaja kumfunga tai, akaikosea, akaifungua na kuifunga upya. Kisha akamkumbatia, akakawia kumwachia. "Leo usiwaze kitu kingine, mume wangu. Mwaze Nan tu."

Hakuna ambaye angemlaumu. Nan, binti yao wa pekee, aligongwa na treni akafa, alipokuwa akivuka reli kwenda shule, mahali pasipo taa wala kizuizi. Tangu hapo Orrin Peaslee hakuwa na kazi nyingine katika Seneti ya Maine. Kila kikao alileta muswada wa kuilazimisha kampuni ya reli iweke vizuizi, na kila kikao wakauzika. Mwaka huu kura zilikuwepo, tena za kumwaga.

Na kwa kuwa zilikuwepo, alifanya jambo ambalo hakumwambia mkewe. Adélard Thibodeau, mpinzani wake mkubwa na rafiki yake kuliko wote, alikuwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa wa moyo. Watu wa jimbo lake walikula kwa kazi za reli, kwa hiyo muswada ule hakuutaka hata kuusikia. Basi Adélard akaomba kile ambacho maseneta wa pale hawamnyimi mgonjwa: mmoja akilazwa, mwenzake wa upande wa pili naye anafunga mdomo, hapigi kura, ili ugonjwa usimwibie mtu kura.

"Usipige kura mpaka nirudi, we mzee mkaidi," Adélard alimwambia. "Nikifa, uko huru. Piga hata mbili, na yangu uichukue!"

Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Orrin akampa mkono.

Kisha maji yakazidi unga. Kampuni iliwapitia maseneta mmoja mmoja, na zile kura za kumwaga zikamwagika kweli.

Sasa karani alikuwa akiita majina. Juu, kwenye viti vya wageni, Lettie alikaa na leso mkononi, macho yamemvimba. Karani aliita kwa kufuata viti, na kiti cha Orrin kilikuwa cha mwisho. Jina lake lilipofikiwa, ndiyo na hapana zilikuwa sawasawa. Kura zikilingana, muswada umekufa.

"Piga, Orrin!" jirani yake alinong'ona. "Adélard atakufanya nini? Hata kuinuka kitandani hawezi."

"Ndiyo maana siwezi."

"Lakini ni mtoto wako, bwana!"

Orrin alisimama. Akilini alimwona Nan na koti lake jekundu, alivyokuwa akisahau kulifunga vifungo. Alipokuwa hai, yule mtoto alikuwa akimwuliza kila jioni kama leo ameshinda kura.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema. "Seneta Thibodeau angekuwepo angesema hapana. Mimi ningesema ndiyo. Tumefungana kwa neno. Sipigi kura."

Nyundo ikagonga meza. Muswada wa Nan ukaanguka kwa kukosa kura moja.

Hakuthubutu kutazama juu. Watu wa upande wake walimpita bila kumsemesha, na mmoja wa upande wa pili akamshika bega, jambo lililomuuma zaidi. Lettie alimkuta kwenye ngazi, uso umepauka.

"Umenyamaza," alisema. "Orrin, umenyamaza!"

"Nisamehe. Nilimpa Adélard neno langu, nikaogopa kukuambia." Machozi yalikuwa yakimtiririka naye hakuyafuta. "Neno la namna ile halifunguliwi mpaka mtu arudi kitini au afe. Ningemwibiaje rafiki yangu naye yu hai, Lettie? Ningemwibiaje?"

Leso ilimtoka Lettie mkononi. Akakaa kwenye ngazi pale pale.

"Ile simu ya asubuhi haikuwa ya dada," alisema. "Ilikuwa ya mke wa Adélard, amefiwa na mumewe alfajiri. Nilikuficha mpaka upige kura."